Sura ya Tisa: Mzaliwa wa Kwanza Aliitwa Donato

To.

Kimya kidogo. Kisha tena: to.

Balbu ya chumba cha chini ya nyumba ilikuwa imeungua ghafla, na gizani Sajini Egidio Lamanna alisimama pale pale alipokuwa, akiusikiliza mlio ule mpaka akautambua. Ilikuwa ni bilula ya pipa la divai, ikidondosha tone moja moja kwenye bakuli la bati. Ilikuwa saa kumi na moja jioni tu, lakini theluji ilikuwa imeziba kidirisha pekee, na chumba kilikuwa cheusi kama mgodi.

Alikuwa amevaa koti la marehemu.

Dakika mbili kabla, taa ikiwa bado inawaka, alilitoa koti hilo kwenye sanduku la mbao ambalo Antonio Colangelo alikuja nalo Amerika mwaka 1912, kutoka kijiji cha Castelsaro kule milimani, kusini mwa Italia. Lilikuwa koti la harusi. Picha ya harusi hiyo ilitundikwa sebuleni juu, na kifungo cha pili cha pembe kilikuwa kimemeguka ukingo, kwenye picha na kwenye koti vilevile. Egidio alikuwa mtu mrefu, wa kuinama kila mlangoni. Koti lilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye. Mikono ya koti ilimfika kwenye viganja, mabega yakatulia.

Ndipo alipoanza kumtilia shaka mwenye koti. Mkononi alikuwa na pasipoti ya Antonio huyo huyo, nayo ilisema: umri, miaka ishirini na sita, baba, marehemu Rocco, mama, Angela Maria, kimo, mita moja na sentimita hamsini na tisa.

Mtu wa miaka ishirini na sita amekwisha kukua. Haongezeki sentimita ishirini eti kwa sababu amevuka bahari.

Ngazi zililia. Mwanga wa taa ya mafuta ukateremka polepole, nyuma yake viatu vilivyong'arishwa.

"Sajini? Mbona umekaa gizani kama popo?"

Mwanga ulimpiga Egidio usoni, kisha ukashuka kwenye koti. Mtu mwingine angeruka. Fausto Colangelo alitabasamu.

"Limekukaa. Babu Antonio angefurahi."

Alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, nywele zimelazwa kwa mafuta, kofia ya kijivu haimtoki mkononi hata ndani ya nyumba. Wiki tatu zilizopita alishuka hapa Kelburn, mji wa makaa, peke yake, na mfuko wa taralli, zile biskuti za mviringo za kwao, pamoja na karatasi zenye mihuri. Akasema yeye ni mjukuu wa ndugu yake Antonio. Amekuja kumchukua Nuccia, mtoto wa miaka saba, ambaye baba yake na mama yake walikufa Desemba gari lao lilipoteleza kwenye barafu. Bibi wa mtoto, Incoronata, mjane wa Antonio, alikubali. Jaji akasaini. Kesho saa tatu asubuhi wangepanda basi la kwenda bandarini.

Egidio asingekuwa na neno, kama si barua iliyofika Jumatatu kutoka kwa polisi wa mji mwingine wa makaa. Mwaka juzi, binamu mmoja mpole, mwenye kofia ya kijivu na jina lingine kabisa, alimchukua mvulana yatima wa familia ya Kiitalia. Babu wa mtoto ameandika barua kumi na nne. Paroko wa kijiji alichotajiwa amejibu moja tu: hapa hajafika mtoto yeyote. Picha ya mtu huyo haikuwepo. Mkuu wa polisi wa Kelburn aliisoma barua hiyo akairudisha mezani. "Kofia za kijivu ziko elfu, Lamanna. Niletee kitu cha kushika mkononi, au mwache mtu aende na nduguye."

"Nikumbushe," Egidio alisema, akilivua koti taratibu. "Babu yako na Antonio walikuwa nani kwa nani?"

"Tumbo moja. Watoto wa Rocco na Angela Maria. Si nilikwambia Jumanne?"

"Mimi mzito wa kuelewa. Niambie tena."

"Babu yangu Pasquale alibaki na mbuzi, Antonio akaja huku. Lakini hakututupa. Kila Krismasi barua, babu anaisoma mezani, machozi yanamdondoka mpaka kwenye supu. Mwaka 1915 ikaja picha ya mtoto wake wa kwanza. Mpaka leo iko ukutani kwetu."

"Mtoto gani?"

"Donato, baba yake Nuccia. Nani mwingine?" Fausto aliinua taa. "Panda juu, Sajini. Ngazi hizi mbovu. Mtu huteleza hivi hivi, na nyumba hii imeshazika vya kutosha."

Alisimama katikati ya ngazi, wala hakujisogeza. Egidio ilimbidi ampite bega kwa bega, akiisikia pumzi yake shingoni.

*

Ofisi ya parokia ilikuwa karibu kufungwa. Mama Ersilia Quagliata, karani wa pale kwa miaka thelathini, alimtazama juu ya miwani.

"Umekuja kuandikisha harusi?"

"Nimekuja kuona daftari la ubatizo."

"Basi baba yako aendelee kungoja. Mzee Eustachio wa watu, miaka themanini, hana hata mjukuu mmoja wa kumbebea jina. Huna haya?"

"Mama Ersilia, nani siku hizi atamwita mtoto Eustachio?"

"Mtoto wako wa kwanza wa kiume, ndiye! Wewe umeitwa Egidio kwa sababu gani? Kwa uzuri wa jina? Babu yako Egidio alikuwa na pua kama kiatu, na bado ukapewa."

Egidio alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alitoa mfukoni picha ndogo ya Bikira Maria, imekunjika pembe, aliyoikuta sandukuni chini ya koti. Nyuma yake, kwa wino uliofifia, mwenye sanduku alikuwa ameandika watoto wake kadiri walivyozaliwa. Donato, tarehe 3 Februari 1915. Carmela, 1917. Vito, 1920.

"Baba yake Bibi Incoronata aliitwa nani?"

"Vito, Mungu amrehemu. Alikuwa anashona viatu."

"Kwa hiyo mwana wa pili ni jina la upande wa mke. Sawasawa. Na wa kwanza?"

"Wa kwanza ni wa babake mume. Hilo nalo la kuuliza?"

"Wa kwanza ni Donato. Pasipoti inasema Rocco."

Mama Ersilia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Kisha akaenda kuchukua madaftari bila kuagizwa.

"Labda alizaliwa Rocco kwanza, akafa mchanga," alisema.

Wakapekua ukurasa kwa ukurasa, kidole cha karani kikishuka kwenye majina. Ubatizo, hakuna Rocco Colangelo. Mazishi, hakuna. Harusi ya Antonio na Incoronata: mwezi wa sita 1914.

"Juni, Julai, Agosti…" Mama Ersilia alihesabu kwa vidole. "Miezi minane mpaka Donato. Tusiseme neno. Lakini nafasi ya mtoto mwingine haipo."

"Labda walimpa jina la mtakatifu wa siku hiyo."

"Tarehe tatu Februari ni ya Mtakatifu Biagio. Watu wote wanakuja kubarikiwa koo. Donato ni wa mwezi wa nane."

"Labda aligombana na baba yake."

"Kijana, mume wangu alifukuzwa kwao na baba yake kwa bunduki. Mwanangu wa kwanza anaitwaje?"

"Nicodemo."

"Na baba mkwe wangu?"

"Nicodemo."

"Basi."

Egidio aliitazama tena picha ya Bikira Maria. Binti wa kwanza, wa kubeba jina la mama wa mume, ni Carmela, na pasipoti inasema mama wa Antonio ni Angela Maria. Hakuna Rocco, hakuna Angela. Mtu aliweza kumdanganya karani wa bandari, mkuu wa mgodi na padri aliyemfungisha ndoa, miaka thelathini na tano mfululizo. Lakini mtoto alipozaliwa hakuweza kumnyima baba yake haki yake.

Aliandika kwenye daftari lake maneno matatu: Antonio si Antonio.

Mama Ersilia aliyasoma yakiwa juu chini, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Basi kule juu kilimani," alisema kwa sauti ya chini, "tulimzika nani?"

*

Jikoni kwa Bibi Incoronata kulikuwa na joto la jiko la makaa na harufu ya pilipili za kukaanga. Sanduku dogo la mtoto lilikuwa wazi juu ya kiti. Bibi alikuwa anapiga pasi gauni la mwisho. Nuccia, aliyekuwa akijaribu koti lake la safari, alikuwa amepiga magoti kwenye benchi la dirishani akitazama mtaa. Fausto alikuwa ametoka.

Egidio aliinama, akaubusu mkono wa bibi.

"Umekula?" bibi aliuliza.

"Baba yake mumeo aliitwa nani?"

Pasi ikasimama.

"Rocco."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Nakuuliza aliitwaje."

"Kuna pilipili. Kaa, nikukatie mkate."

"Bibi. Kesho saa tatu."

Moshi mwembamba ulianza kupanda kutoka kwenye gauni. Bibi alishtuka, akaondoa pasi. Palibaki alama ya kahawia kifuani. Aliitazama alama ile muda mrefu.

"Wewe ni serikali," alisema. "Nikikujibu, watanifukuza nchini? Nina miaka sitini na tano. Hata njia ya kisimani kwetu siikumbuki."

"Mimi ni mtoto wa Eustachio. Nimekula mkate wako kila nikitoka shule. Akitaka kukufukuza mtu, ataanza na mimi."

Bibi alimtupia jicho mtoto dirishani, akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Donato. Baba mkwe wangu aliitwa Donato Lovallo. Mume wangu alikuwa Savino. Miaka kumi na moja naweka maua kwenye kaburi lenye jina la mtu mwingine."

"Na Antonio?"

"Jirani yetu. Alikuwa na kila kitu tayari, pasipoti, tiketi, sanduku. Homa ikamwahi. Alikufa mwezi wa tatu. Mimi nilishika mshumaa, mama yake akamfunga taya kwa leso. Savino wangu alikuwa ameitwa jeshini, wapelekwe vitani Libya. Kaka zake wawili walishakwenda, hakurudi hata mmoja. Basi Angela Maria akamletea karatasi zile. Akamwambia, 'Nenda nazo, angalau jina la mwanangu livuke bahari. Ila siku moja watu wangu watakuja kuwaomba kitu. Msiwanyime.'"

"Ndipo akaja Fausto."

"Ndipo akaja Colangelo. Akaketi hapo ulipokaa, akatabasamu, akasema barua za Antonio ziliwafikia kila Krismasi. Barua gani, mwanangu? Maiti inaandika? Nikajua ananitisha kwa adabu, asimshtue mtoto. Tulichukua jina la mwana wao. Sasa wamekuja kuchukua mtoto wetu." Mikono yake ililala juu ya meza, viganja juu. "Ningesema nini? Nilikuwa nimeapa."

Egidio alipanga pasipoti na ile picha ya Bikira Maria mezani, moja kando ya nyingine.

"Bibi, nisikilize vizuri. Tuseme ni Colangelo kweli, na anakutisha wewe. Sawa. Lakini kule chini tulikuwa mimi na yeye tu. Mimi hana la kunitishia. Na bado alinisimulia machozi ya babu yake kwenye supu, na picha ya Donato ukutani kwao. Mtu anayejua kuwa Antonio alikufa mwezi wa tatu 1912 angeninyamazia. Huyu hanyamazi kwa sababu hajui."

"Ana cheti. Nimekiona, kina muhuri wa kwetu."

"Cheti cha kuzaliwa. Tangazo la mazishi ya Donato lilitoka gazetini: mwana wa marehemu Antonio, mzaliwa wa Castelsaro. Mtu mwenye stempu ya barua anaweza kuomba cheti cha kuzaliwa cha Antonio na kupata jina la baba na la mama. Cheti cha kifo hakuomba. Nani atamwombea Italia cheti cha kifo mtu mwenye kaburi Amerika?"

Midomo ya bibi ilisogea kidogo, kama anayehesabu rozari.

"Huyu basi ni Colangelo gani?"

"Si Colangelo. Wala si Lovallo. Sijui ni nani."

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Baridi ikaingia kwanza, kisha Fausto, theluji mabegani, kofia mkononi.

"Sajini! Bado upo? Nitadhani umemposa bibi." Akapiga makofi mawili. "Nuccia, viatu, binti. Bibi, theluji inazidi, basi la kesho huenda lisitoke. Nimepata gari. Tunaondoka sasa hivi."

"Sasa hivi?" bibi alisema.

"Sasa hivi. Machozi mafupi ni bora kuliko marefu."

Mtoto hakushuka kwenye benchi. Bibi Incoronata alisimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza.

"Fausto. Antonio Colangelo amezikwa wapi?"

"Swali gani hilo, Bibi? Kilimani hapo. Jumapili tulipeleka maua pamoja."

"Na barua zake? Ziliwafikia mpaka lini?"

"Mpaka mwaka aliofariki. Ya mwisho ilikuwa Krismasi ya arobaini na sita. Babu aliibusu." Aliweka mkono kifuani. "Nakuapia kwa mama yangu."

Bibi alimtazama kama mtu anayetazama shimo alilokaribia kutumbukia.

"Antonio Colangelo alizikwa Castelsaro nikiwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Mama yake alirudi kutoka makaburini bila viatu. Kijiji kizima kilimwona. Colangelo wa kweli angekuja hapa kunitemea mate, au kunikumbatia kwa ajili ya marehemu. Asingekuja na barua."

Tabasamu la Fausto lilibaki usoni, ila sasa halikuwa na kazi yoyote.

"Bibi amechoka," alimwambia Egidio. "Wazee wakifiwa, akili hutembea."

"Andika," bibi alimwambia Egidio. "Andika yote. Lete nitie sahihi."

Egidio aliandika mistari sita, akausoma kila mmoja kwa sauti. Bibi alichukua kalamu. Akaandika herufi moja moja: Incoronata, mjane wa Savino Lovallo. Alilitazama jina hilo juu ya karatasi, akalifunika kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Jaji alisaini kwa ajili ya ndugu wa damu wa Antonio Colangelo," Egidio alisema, akitoa pingu. "Katika nyumba hii damu hiyo haijawahi kuwepo. Nipe mikono."

Fausto hakubisha. Aliweka kofia ya kijivu mezani, akanyoosha mikono kama anayepimwa shati. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nyingine, haina lafudhi ya Castelsaro wala ya mahali popote.

"Unajisumbua, Sajini. Mimi ni mbeba mizigo tu."

"Mizigo ya nani? Yule mvulana wa mwaka juzi yuko wapi?"

Fausto alitazama saa ya ukutani. Kisha akatazama juu ya bega la Egidio, kuelekea dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kelburn alionekana mtu aliyetulia kabisa.

Egidio aligeuka. Nuccia alikuwa amefuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti lake, na huko nje, katikati ya theluji, taa mbili za gari zilikuwa zinawaka.

"Kuna mama ananipungia mkono," mtoto alisema.